Hapa si Himo

Mimi ndiye yule mwinjilisti aliyeshuka mpaka soko la Himo na jani la isale mkononi, mchana kweupe, kwenda kumwomba radhi kijana muuza mitumba ambaye ningeweza kumzaa. Kama mlishawahi kuisikia habari hiyo kwa watu wengine, mliambiwa kwamba nilipiga magoti. Sikupiga magoti. Nilisimama, na kati yetu palikuwa na rundo la suruali za jinzi lililonifika kiunoni. Mengine mliyosikia ni kweli.

Kwa wale kati yenu ambao hamkuzaliwa mlimani, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Mtu akikukosea, akaja kwako na jani lake limefungwa fundo, huwezi kumfukuza. Ukilipokea, umesamehe. Kwa kawaida mdogo humpelekea mkubwa, mke au mume humpelekea mwenzake, jirani humpelekea jirani. Kabla ya siku ile sikuwa nimeona mtu wa kanisa, mwenye mvi na kola yake, akimpelekea kijana.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kufundisha kipaimara na kuongoza vijana katika mitaa yetu huku juu. Nilifanya kazi hiyo tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka miguu ilipokataa kupanda kilima cha kanisa. Nimeulizwa mara nyingi: "Mzee, vijana uliwapataje?" Nitawaeleza, lakini lazima nianze na namna nilivyowapoteza.

Mtaa wetu, tawi dogo la usharika, uko juu ya Himo, upande wa kupanda Marangu. Miaka ninayoisimulia ni ile nguo za mitumba zilipoanza kuingia kwa wingi, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita na magari yao hadi migombani. Kabla ya hapo kijana wa kwetu alikuwa na njia mbili: akae kihambani amsaidie baba, au akasome aondoke. Ghafla ikapatikana njia ya tatu, nayo ilikuwa inateremka moja kwa moja hadi Himo. Vijana waliuza mashati, viatu, redio, betri, mafuta ya nywele. Walivaa vitu ambavyo sisi hatukujua majina yake. Jumapili walipanda kuja kanisani na kukaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Nilikuwa na tabia ya kuandika kila ninachokiona. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, na kila Jumapili jioni niliandika nani alikaa wapi, nani alisinzia, nani alitoka na kwa wakati gani. Mke wangu alisema nimekuwa polisi. Lakini daftari lile lilinifundisha jambo la kwanza ambalo nataka mlijue. Vijana wa benchi la mwisho hawakutoka wakati wa mahubiri, ingawa mahubiri yangu hayakuwa mafupi. Walitoka wakati wa matangazo. Matangazo yetu yalikuwa habari za wazee, yakisomwa na mzee, kwa wazee. Kijana angeweza kukaa pale mwaka mzima asisikie jina lake likitajwa, isipokuwa amefanya kosa.

Mmoja tu kati yao alibaki mpaka mwisho kila Jumapili, kwa sababu aliupenda mnada. Aliitwa Elinami.

Mnada wetu mnaujua. Watu huleta sadaka ya mazao: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa, jogoo mmoja mwenye hasira. Ibada ikiisha, tunatoka nje tunaviuza. Mtu akinunua anaweza kukirudisha kiuzwe tena. Mayai yale yale yanaweza kuuzwa mara nne kabla hayajapata nyumba. Katika mtaa wetu mwendeshaji wa mnada nilikuwa mimi. Niliuendesha kwa Kichagga cha taratibu, mikono nyuma, na nusu ya watu walikuwa wameshaondoka kabla sijafika kwenye ndizi.

Elinami alikuwa na miaka ishirini na miwili hivi. Nilimjua tangu mtoto. Alianza kipaimara kwangu akiwa na miaka kumi na mitano, akakosa darasa Jumamosi tatu mfululizo, na kanuni yangu ilikuwa moja: tatu, jina linakatwa. Nilichukua rula nikalikata, mstari ulionyooka. Sikufikiria tena jambo hilo.

Jumapili moja niliinua mayai sita ya Bibi Nsia. Huyu alikuwa mjane aliyefundisha Shule ya Jumapili kabla mimi sijaajiriwa, na yeye ndiye aliyenionyesha kazi. Bei ilikuwa imelala. Ghafla kutoka nyuma sauti ikapasuka: "Haya haya haya! Mayai ya Bibi Nsia! Kuku wake anasali kabla ya kutaga! Naongeza mimi! Nani ananipita? Wewe baba mwenye koti, unaogopa yai?"

Watu walicheka. Watatu waliokuwa wameanza kuondoka wakageuka. Bibi Nsia mwenyewe alishika mdomo kwa khanga akicheka. Mtu mwenye akili angemwachia kijana yule mnada palepale. Mimi nilihisi kama nimeporwa kitu, nikasema kwa sauti ambayo hata sikujua ninayo:

"Nyamaza, wewe! Hapa si Himo!"

Kicheko kilikatika. Kisha kikarudi, lakini sasa watu walikuwa wanamcheka yeye. Elinami alitazama viatu vyake. Alilipia mayai, akampa Bibi Nsia mkononi, akasema, "Shikamoo, Bibi," akateremka.

Jumapili iliyofuata benchi la mwisho lilikuwa tupu. Niliandika kwenye daftari: "Vijana kumi na mmoja hawapo." Jumapili ya pili niliandika hivyo hivyo. Ya tatu niliacha kuandika kwa sababu mkono uliona aibu. Tulisikia wanasali kwenye turubai moja huko chini, penye gitaa na spika kubwa. Wengine tulisikia hawasali popote.

Sasa niwaambie upumbavu wangu, mcheke, lakini msiurudie. Nilidhani wamefuata vyombo. Nikawazungukia Wakristo waliokuwa na ndugu Dar es Salaam mpaka tukapata kinanda cha umeme. Vijana walikuja Jumapili mbili, wakakitazama. Ya tatu umeme ulikatika katikati ya pambio, na mpigaji wetu, mwalimu mstaafu mwenye miwani, akaendelea kubonyeza vidole kimya kimya mpaka mwisho wa ubeti kwa sababu hakuwa amesikia kwamba sauti imekatika. Hawakuja tena.

Baada ya hapo nikadhani wamefuata lugha. Nikasimama mimbarini nikawaambia, "Mambo vipi, vijana?" Mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili akamuuliza mama yake kwa sauti, "Mama, Mwinjilisti anaumwa?" Msijaribu kuwa wao. Wanao wenzao wa kutosha. Wanachohitaji ni mtu mzima anayewaona.

Mzee Anaeli, aliyekuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa katika mtaa wetu, mtu mnyoofu na mgumu kama mpini, aliniambia hadharani: "Mwinjilisti, kwaya imebaki akina mama wanne na wewe. Akifa mtu mwezi huu, nani atabeba jeneza? Mimi na nyonga yangu?"

Hakuwa anatania. Tulikuwa kanisa la watu wenye nyonga.

Nilikwenda kwa Bibi Nsia kumlalamikia vijana wa siku hizi. Alikuwa anakatia ng'ombe majani ya migomba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha panga, halafu akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Hukuwapoteza kwa gitaa. Uliwapoteza kwa mdomo wako. Wale wengine kumi walikuwa wamekaa pale nje wanamtazama Elinami waone kanisa litamfanyaje mtu kama wao. Wakaona."

Nikasema nitamtuma mtu akazungumze naye. Bibi Nsia akaweka panga chini.

"Kumnyamazisha ulimtuma mtu?"

"Hapana."

"Ulimwita kando?"

"Hapana, Bibi."

"Basi." Akaenda mpakani, akakata jani la isale, akalifunga fundo kwa vidole vyake vilivyopinda, akanipa. "Utakwenda wewe, siku ya soko, watu wakiwepo. Na ulishike mkononi. Ukiliweka kwenye mfuko wa koti nitajua. Na jambo moja zaidi, nisikilize. Usije ukampa isale kwa mkono huu, na kwa mkono ule ukamwomba arudi kanisani. Hapo utakuwa umekwenda kununua. Omba radhi, ukae kimya."

Siku ya soko niliteremka kwa miguu, kwa sababu kwenye pikapu iliyojaa watu ningelazimika kueleza. Njiani nililazimika kueleza hata hivyo. Kila aliyeniona na jani lile alisimama. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa alinifuata hatua ishirini akiuliza nani amekufa.

Himo ilikuwa imejaa. Nilimsikia Elinami kabla sijamwona: "Chagua chagua chagua! Ulaya hiyo mama, imevaliwa na mzungu mmoja tu, tena mpole!" Nilipotokea mbele ya rundo lake alikuwa ameinua suruali juu kwa mikono miwili. Akaona jani. Suruali ikateremka taratibu.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Elinami. Nimekuja kwako."

"Naona." Akatazama kulia na kushoto. "Teremsha mkono basi, Mwinjilisti. Watu wanaangalia."

"Waangalie tu. Na siku ile waliangalia."

Muuza nyanya wa jirani alisema, "Mae! Isale hiyo ni ya huyu?" na kelele za pale zikapungua moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima taa za nyumba. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilipotea yote. Nikasema:

"Nilikunyamazisha mbele ya watu. Ulikuwa hujakosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Elinami alifuta mikono kwenye fulana aliyokuwa akiiuza, akalipokea jani kwa mikono miwili. Mwenzake wa rundo la pili, kijana mwenye kofia ya kugeuza nyuma, ndiye aliyetuokoa. "Sasa Elinami," alisema, "utampunguzia na suruali au radhi peke yake?"

Soko zima lilicheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika kiuno.

"Umetembea na hiyo kutoka juu?" Elinami akauliza. "Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Kaa hapa unywe chai. Ukianguka watasema mitumba imeua mwinjilisti."

Nilikaa juu ya robota la nguo nikanywa chai. Nawaambia ukweli, maneno ya kumwomba arudi yalikuwa yamejaa mdomoni. Niliyameza na chai. Tuliongea habari za mvua na za mama yake. Nilikuwa nimesimama niondoke aliponiuliza yeye:

"Mnada nani anauendesha siku hizi?"

"Mimi."

"Watu wanabaki?"

"Wanaondoka."

"Si lazima waondoke? Unauza ndizi kama unasoma tangazo la msiba."

"Njoo uendeshe wewe," nikasema. Halikuwa ombi la kanisa, ilikuwa kazi, na alilijua hilo mara moja.

"Kwa Kichagga au Kiswahili?"

"Kwa mdomo wako."

Aliufikiria mdomo wake kidogo. "Na Mzee Anaeli?"

Nikamwambia hilo litakwenda kwenye kikao cha wazee.

Mzee Anaeli hakungoja. Katika kikao cha wazee alisimama akasema, "Kwa hiyo sadaka ya Bwana sasa itauzwa kama suruali? Na atakayeiuza hata meza ya Bwana hajaifikia, hana kipaimara?" Nikasema mnada si sakramenti. Akasema nisimfundishe. Baada ya maneno mengi wakatoa uamuzi, na mimi niliuandika kwenye daftari neno kwa neno: Jumapili tatu za majaribio. Sadaka ikidharauliwa, Elinami ataondoka, na barua itakwenda kwa mchungaji wa usharika kwamba mtaa huu unahitaji mwinjilisti mwingine. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na nyumba niliyoishi ilikuwa ya kanisa. Nilitia sahihi.

Jumapili ya kwanza Elinami alikuja amevaa koti la mtumba lenye mabega mapana, tai, na viatu vilivyong'aa. Nyuma yake walikuwepo watatu wa benchi la mwisho waliokuja kushuhudia aibu yake. Ibada ikaisha, tukatoka, nikampa mkungu wa kwanza. Aliuinua juu ya kichwa, akanitazama mimi, na kwa sauti iliyofika mpaka bondeni akasema:

"Jamani! Hapa si Himo!"

Nikamtafuta Mzee Anaeli kwa macho.

"Himo tunauza vya wazungu. Hapa tunauza vya Mungu! Kwa hiyo bei za Himo mziache hukohuko!"

Sijawahi kusikia kanisa likicheka vile. Neno nililomchoma nalo alikuwa amelikalia wiki zote hizo, akaligeuza, akalirudisha likiwa halina makali. Tangu siku hiyo mnada wa mtaa wetu hufunguliwa kwa neno hilo, na watoto wanaolisema hawajui lilitoka wapi.

Jumapili ya pili waliokuja ni saba. Ya tatu, benchi la mwisho lilijaa, na wengine wakakaa la mbele yake. Mzee Anaeli alisimama pembeni amekunja mikono. Elinami aliinua mkungu wake na kuuzungusha.

"Huu umeletwa na Mzee Anaeli. Ndizi zenyewe angalieni, zimenuna! Nani atazibembeleza?"

Wazee walitazama chini. Nikaona nyumba ya kanisa ikiondoka na watoto wangu ndani yake.

"Nauchukua mwenyewe!" Mzee Anaeli alifoka, akataja bei ambayo hakuna aliyewahi kuitaja kwa ndizi. "Siwezi kusimama hapa ndizi zangu zikitukanwa!"

"Umenunuliwa na mwenyewe!" Elinami akapaza sauti. "Mzee, unaupeleka nyumbani au unaurudisha?"

Mzee Anaeli alijitahidi sana asicheke. Alishindwa. "Urudishe," alisema. "Uza tena, mshenzi wewe." Na kwa mzee yule, jinsi alivyolitamka, hilo lilikuwa neno la upendo. Barua haikuandikwa.

Yaliyofuata najivunia, na sitaficha. Nilijifunza kutoa kazi, kazi ya kweli. Msimpe kijana kazi ya kupanga viti. Mpe funguo za kanisa, mpe matangazo ayasome, na akikosea mbele ya watu mrekebishe baadaye, chini ya mgomba, mkiwa wawili. Binti mmoja aliyekuwa hasemi neno tulimpa matangazo. Akaongeza mwenyewe habari za vijana: nani amefaulu, nani amepata kazi ya kubeba mizigo ya wapanda mlima, nani yuko hospitali tukamwone. Nilirudi kwenye daftari langu. Wakati wa matangazo hakuna aliyetoka.

Wapagazi wa mlimani nao walikuwa wanakosa ibada kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya msafara kupanda. Wazee walikuwa wanawaombea warudi. Sisi tukaanza ibada ya alfajiri ya robo saa: wimbo mmoja, somo, sala, uji. Mchungaji aliyekuja kututembelea alisema uji ulikuwa mwingi kuliko somo. Nikamwambia ndiyo, mchungaji, wao wanakwenda kulala kwenye baridi.

Na darasa la kipaimara. Ilikuwa miezi kadhaa baada ya mnada kubadilika. Nilikuwa nalalamika kwa Elinami kwamba watoto wanakosa Jumamosi. Alikuwa anafunga jogoo miguu.

"Jumamosi si siku ya soko, Mwinjilisti?"

"Ndiyo."

"Sasa mtoto ambaye mama yake anauza ndizi Himo, nani atambebea?"

Alisema hivyo tu, akaendelea na jogoo wake. Nilifika nyumbani nikatoa rejista za nyuma nikazipitia jina kwa jina. Karibu wote niliowakata kwa rula walikuwa watoto wa akina mama wa sokoni. Miaka yote ile nilifundisha siku ya soko, na kuandika kwa mwandiko mzuri kwamba vijana hawapendi mafundisho. Tukalihamisha darasa likawa Jumapili baada ya mnada. Halijawahi kupungua tena. Kama mtachukua jambo moja kutoka kwangu, chukueni hilo: kabla hujaandika kwamba mtoto hayupo, uliza yuko wapi.

Elinami aliendesha mnada miaka sita, akaoa, kisha akahamia Dar es Salaam na biashara yake. Wengi wa benchi lile wakawa wazee wa kanisa. Mmoja ndiye anayeongoza kwaya yenu. Bibi Nsia alipofariki, jeneza lake lilibebwa na vijana, na walikuwa wengi hata wakapokezana kila baada ya hatua chache ili kila mmoja aguse. Nilitembea nyuma yao bila kubeba chochote. Sijawahi kujivunia mikono mitupu kama siku ile.

Kila Krismasi Elinami hupanda na gari lake, familia imejaa, na mnada wa siku hiyo huwa wake. Watu hutoka mitaa mingine kuja kumsikia.

Mwaka huu binti yake Aikande, anayelelewa na bibi yake huku juu, yuko kwenye darasa la kipaimara. Mwalimu wake alimtuma kwangu na fomu, kwa kuwa rejista za zamani ninazo mimi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Mwalimu amesema unisaidie kujaza hapa. Baba alipata kipaimara lini?"

Nilivaa miwani nikachukua muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilikumbuka kwamba siku za meza ya Bwana, Elinami hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wengine wakisimama kwenda mbele yeye hutoka nje kuandaa mnada. Miaka yote niliona akitoka. Daftarini niliandika: "Elinami anaandaa mnada." Mara moja tu, zamani, nilimwambia aje darasani amalizie. Alicheka akasema, "Nikae na watoto, Mwinjilisti?" Nami nikacheka naye, na jambo likapita.

Jani nililompelekea Himo lilikuwa la neno moja nililosema nje ya kanisa. Kwa mstari wa rula sikuwahi kumpelekea kitu.

Nilimpigia simu. Siku hizi ni rahisi, hakuna kutembea. Nilimwambia kuna fomu ya Aikande, na kuna sehemu yake. Nikasikia magari ya Dar. Kisha akasema, "Nikija Krismasi tutaongea."

Krismasi alikuja. Tuliongea habari za kahawa, za magoti yangu, za bei ya saruji. Asubuhi ile nilikuwa nimekata isale, nikalifunga fundo, nikaliweka mezani mbele yetu karibu na chai. Alilitazama. Hakulipokea na hakulikataa. Alipoondoka lilikuwa palepale.

Siku ya kipaimara cha Aikande ni baada ya Pasaka. Fomu iko kwenye droo yangu. Nimejaza kila mstari, isipokuwa mmoja.